Simba Niliyemng'oa Meno

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu wekeni chini. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa irekebisheni kichwani mwenu, msinicheke. Sikuandika ili mseme bibi anajua kuandika. Nimeandika kwa sababu habari hii mnaisikia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, na babu yenu akiisimulia anatia chumvi mpaka hailiki. Isomeni kwangu niliyeitenda.

Nilimwonea kijicho mwanamke mwenzangu. Si kwa ajili ya mume. Babu yenu angetaka kuchukuliwa ningempa huyo mchukuaji na kiti chake na redio yake. Kijicho changu kilikuwa kwa mjukuu, na kwa kitambaa cha altare. Na aliyetugombanisha, Mungu anisamehe, alikuwa Yesu. Mwenzangu alimtaka Yesu simba. Mimi nilimtaka mwanakondoo.

Kitambaa cha zamani nilikidarizi mimi. Ilikuwa wakati kanisa letu hapa Kibaha limetoka kwenye mabanzi na kupata ukuta wa tofali. Mchungaji wa wakati ule, mtu mrefu, sasa ni marehemu, aliniita baada ya ibada akaniambia, "Mama, nasikia una mkono." Ni kweli nilikuwa nao. Kwetu Kibuta tulikuwa nyumba chache za Wakristo katikati ya Waislamu, na jirani yetu alikuwa mama anayeshona kofia za wanaume, zile za matundu madogo madogo. Alinifundisha tundu kabla mama yangu hajanifundisha kusonga ugali. Tundu moja likikaa vibaya anafumua safu nzima, hasemi neno, anakurudishia sindano.

Mchungaji alitaka kitambaa cheupe cha Pasaka, na katikati yake Mwanakondoo amesimama, ameshika bendera kwa mguu, damu inamtoka kifuani, na bado yu hai. Alinieleza kwa mdomo tu. Picha hakunipa. Nami sikumwuliza kondoo yukoje, niliona aibu. Upande tulikozaliwa sisi watu walifuga kuku, na mwenye uwezo alifuga mbuzi. Kondoo nilimsikia kanisani. Nikajisemea, mbuzi na kondoo ni ndugu, tofauti yao ni manyoya. Nikaomba kitoto cha mbuzi kwa jirani, nikakifunga kwenye mguu wa kitanda cha nje, nikakitazama siku mbili nikichora kwa penseli. Manyoya niliyajaza kwa matundu ya kofia, yakapendeza kama povu. Mkia nikausimamisha, maana mkia niliouona ulikuwa umesimama.

Kitambaa kile kilitandikwa kila Pasaka, miaka zaidi ya ishirini. Nilikaa benchi la pili. Watu wakiinamisha vichwa kuomba, mimi nilikuwa natazama mshono.

Na msidhani niliupenda mshono peke yake. Nilimpenda Mwanakondoo. Alipigwa makofi akanyamaza, akavuliwa nguo akanyamaza. Mimi si mpole, mnanijua. Nikisema toka, mtu anatoka. Baba yangu alikuwa mkali, shangazi zangu wakali, nikaolewa kwa mama mkwe mkali kuliko wote. Nilitaka awepo mpole mmoja katika maisha yangu, na huyo mmoja nilikuwa nimemshona kwa mkono wangu.

Basi akaja huyo mama. Alitoka Singida kumfuata mwanawe aliyepata kazi kiwandani huko Zegereni, anakofanya kazi pia baba yenu. Akakodi chumba Maili Moja nyuma ya maduka, akaweka cherehani ya zigizaga, akaanza kushona mashati ya vitenge na kudarizi kwa mashine. Umri wake na wangu haupishani sana. Lakini siku ya kwanza hakuniamkia. Alisema, "Habari za hapa, mama." Niliiweka moyoni ile.

Pasaka yake ya kwanza na sisi, ibada ilipokwisha, wanawake tulibaki kukunja vitambaa. Akakishika cha kwangu, akakigeuza nyuma kuangalia mafundo, kama anavyofanya fundi.

"Nani kadarizi hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Una mkono, mama. Sijaona manyoya yaliyoshonwa hivi." Akakigeuza tena mbele. "Lakini huyu ni mbuzi."

Nikasogea karibu naye.

"Unasemaje?"

"Ni mbuzi, mama. Angalia mkia. Kondoo mkia wake umelala. Anayesimamisha mkia ni mbuzi. Mimi nimechunga kondoo kabla sijaota meno ya pili."

Mwenzetu mmoja wa kwaya, mwenye mdomo usio na mlango, akasema, "Jamani! Kumbe miaka yote tunamwimbia mbuzi! Na mbuzi si ndio wale watakaowekwa kushoto siku ya hukumu?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikasema, "Labda kondoo wa kwenu Singida mikia yao imekufa. Wa huku wako hai." Wakacheka zaidi. Nikachukua mtandio wangu nikaondoka.

Nyumbani nilimwambia babu yenu. Alikuwa anachambua mchele wa kuku.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni mbuzi. Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ningelala wapi?"

Hayo ya mkia ningeyasahau. Sijawahi kufa kwa kuchekwa. Lakini baada ya hapo yule mama alimgusa mtoto.

Mjukuu wetu wa kike, yule mkubwa, analala chumbani kwangu tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu baba yake na mama yake wote wanakwenda Zegereni, huyu zamu ya asubuhi, huyu ya jioni. Nilikuwa namfundisha sindano. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, akikosea nafumua na kidole nakigonga kwa kijiti. Alikuwa anajua. Halafu shule zikafungwa, akamwomba baba yake ruhusa ya kwenda Maili Moja kujifunza mashine. Baba yake akamruhusu bila kuniuliza. Haya.

Akaanza kunisimulia. Bibi wa Maili Moja anasema uzi wa hariri usiloweshwe mate. Bibi wa Maili Moja ana fremu ya duara inayokaza kitambaa. Bibi wa Maili Moja anajua wimbo wa kuchunga kondoo. Siku ya nne nikamshika.

"Njoo hapa. Bibi nani?"

"Bibi wa kushona."

"Na mimi?"

Akafikiri. "Wewe bibi wa nyumbani."

Sikumpiga. Nilimpa ndoo akachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Siku moja nikatoka nyumbani nikisema nakwenda kununua nyanya. Nyanya zinauzwa hapa hapa mlangoni kwetu, kila mtu anajua. Nikaenda mpaka Maili Moja, nikasimama kwenye duka la mitumba linalotazamana na chumba cha yule mama, nikashika shati la kiume nikawa nalikagua kola. Niliwaona. Mtoto alikuwa kwenye mashine, akakosea, uzi ukajikunja chini ya kitambaa kama kiota. Yule mama akacheka. Akaufumua mwenyewe, akamkatia mtoto chapati yake nusu. Na mtoto akamwegemea. Akaweka kichwa begani kwake, hivi, kama mtu aliyezoea.

Kwangu hajawahi kuegemea. Mimi si mtu wa kuegemewa, nina mifupa. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, shati unachukua?" Nikamwambia kola yake mbovu, nikarudi nyumbani bila nyanya.

Nawaambia kijicho kinavyokaa. Kinakaa hapa kooni. Ukila kipo, ukimeza mate kipo. Unasikia jina la mtu unatafuta kasoro yake hata kabla jina halijaisha. Nilimwona yule mama ana miguu mibaya. Nikaona sala zake ndefu. Nikaona kila anachokifanya anakifanya kunionyesha mimi.

Kwaresima ya mwaka uliofuata ilipoanza, mchungaji wetu wa sasa, kijana, akatuita wanawake. Akasema kitambaa cha Pasaka kimekuwa cha manjano, tushone kingine. Nikajua anayesema si yeye, ni ule mkia. Akauliza tudarizi nini. Yule mama akasimama.

"Mchungaji, mimi naomba tumweke Simba. Kila mahali Yesu ni mpole, Yesu ni mwanakondoo, Yesu anapigwa. Na yule Simba wa Yuda aliyeshinda, yeye tumemfungia wapi? Watoto wetu wanakwenda kutafuta nguvu kwa waganga kwa sababu kwetu wanaona mnyonge tu."

Wengi wakaitikia. Nikasimama na mimi. Nikasema:

"Simba hapandi altareni nikiwa hai. Nyie mnamjua simba wa kwenye fulana. Mimi simba namjua kwa kilio. Kwetu Kibuta, mume wa shangazi yangu alikwenda dungu kulinda mihogo isiliwe na nguruwe. Dungu ni kichanja cha juu, ana mkuki, ana moto. Asubuhi tulikuta shuka. Shuka tu. Shangazi alilifua shuka lile akajifunika nalo mpaka anakufa. Sasa leo mniambie nipige magoti mbele ya mnyama yule niseme Bwana wangu?"

Nikakaa. Na niliyosema yalikuwa kweli, kila neno. Lakini nawaambia nyie mnaosoma, sikuyasema kwa sababu ya ukweli wake. Niliyasema nimshinde yule mama. Nilimtoa mume wa shangazi kaburini kwa ajili ya kijicho changu, na hata kaburi hakuwa nalo.

Yule mama hakukasirika. Alikaa, halafu akasema akiwa amekaa.

"Pole, mama. Mimi nitasema yangu. Baba yangu alikuwa mchinjaji wa kijiji. Mbuzi ukimchinja analia mpaka mtaa wa pili, unamalizana naye. Kondoo halii. Anakutazama. Baba yangu mbuzi alimchinja huku anapiga soga, lakini kondoo alikuwa anageuza uso pembeni, na siku hiyo nyama hali. Mtu mzima, ana misuli, kashindwa na macho ya kitu kilichonyamaza. Watu wanasema mwanakondoo ni mpole. Mimi namwogopa. Simba naweza kumtazama."

Watu wote wakamgeukia yeye, na hilo lilinichoma kuliko ule mkia. Mchungaji akaamua kuwa atakuwa Simba. Akamwambia yule mama asimamie. Yule mama akasema, "Atashona mwanafunzi wangu. Ana mkono, kaurithi." Alinitazama aliposema kaurithi, akidhani ananipa zawadi. Mimi nilisikia mwanafunzi wangu tu.

Mtoto alishona wiki tatu, Jumamosi na jioni baada ya shule. Simba alikuwa wa nyuzi za dhahabu, amesimama, manyoya ya shingo kama jua, na mdomo wazi umejaa meno meupe yaliyozungushiwa mstari mwekundu. Jumatatu ya wiki ya tatu mtoto alikuja na kitambaa nyumbani apige pindo kwa mkono. Asubuhi akakikunja vizuri, akakiweka juu ya sanduku langu, akaenda shule.

Babu yenu alikuwa amekwenda kunyoa. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alikuwa zamuni, na mwanangu katoka. Mimi na simba tukabaki.

Nilikifungua nikitafuta kosa. Wallahi, kama angekosea ningelala. Hakukosea. Mshono ulikuwa sawa, mafundo ya nyuma yamefichwa kama nilivyomfundisha mimi, na kila jino limekaa mahali pake. Nikachukua wembe. Nikajiambia nafungua jino moja tu nione uzi umepitaje chini. Likatoka. Nikatoa la pili. Mshono wa mashine haufumuki kirahisi, unang'ang'ania, na wembe ukateleza ukachana kitambaa. Sikuacha. Nilitoa meno yote, ya juu na ya chini, mpaka mdomo wa simba ukabaki shimo lenye nyuzi nyuzi kama mdomo wa mzee. Na nilikuwa naimba. Nawaambia ukweli, nilikuwa naimba tenzi kabisa.

Mtoto aliporudi na kukifungua, nilikuwa nachambua mboga. Nikasema bila kugeuka, "Panya hao. Nimewaambia watu wa nyumba hii wasiache vitu ovyo."

Akasimama. Akakunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko, akaenda nacho Maili Moja na sare yake ya shule.

Alirudi upesi. Mama yake akamwuliza vipi.

"Bibi wa kushona amesema mtu asiyetunza kazi ya kanisa asikae kwenye mashine yake. Amesema nisirudi."

Mkwe wangu akaniambia, "Mama, tutafute sumu ya panya." Nikasema tafuteni. Wakanunua. Wakaiweka chini ya kitanda changu.

Basi nikapata nilichokitaka. Mtoto akakaa nyumbani. Jumamosi akakaa. Nikamtolea sindano, tukakaa naye barazani wawili, na siku za mwanzo nilifurahi, sitawadanganya. Nilimwona wangu. Nikamkaangia mihogo. Nikajaribu hata kucheka alipokosea, kicheko kikatoka kama kikohozi.

Lakini hakukosea tena. Alishona matundu yote sawa, kimya, akimaliza ananipa, anasema, "Tayari, bibi." Hakunitajia Maili Moja. Hakununa, nyie watoto mkinuna nawajua. Alikuwa ananiamkia shikamoo asubuhi, maji ya kuoga ananipelekea. Siku ya sita au ya saba nikashindwa.

"Huna neno la kusema?"

"La nini, bibi?"

"Umefukuzwa kwenye mashine. Mbona hulii?"

Akainama juu ya kitambaa. "Siku ile ulikuwa na nyuzi za dhahabu kwenye khanga yako. Hapa kwenye goti."

Nikalikung'uta goti, kama vile nyuzi bado zipo.

"Sasa kwa nini hukumwambia yule mama?"

"Ningemwambia, wangekucheka tena kanisani." Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira, hasira ndiyo chakula changu. Alinitazama tu, akangoja. Mimi ndiye niliyegeuza uso pembeni.

Nilikaa siku mbili nyingine nikibishana na nafsi yangu, nikitafuta njia ya kulimaliza bila kufungua mdomo. Njia haikuwepo. Asubuhi ya siku ya tatu nikajifunga khanga, nikaenda Maili Moja.

Yule mama alikuwa anakata kitenge mezani. Nje kijana anauza vikombe anapiga kijiko kwenye kikombe, kelele tupu.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai. Panya ni mimi."

"Nimekusikia."

"Sasa sema."

"Niseme nini?" Akaendelea kukata. "Panya wa kwetu hata wawe na njaa vipi hawachagui meno wakaacha masharubu."

"Ulijua?"

"Nilijua mtoto alipofungua mfuko."

"Ulijua, na ukamfukuza mtoto!"

Akaweka mkasi chini. "Nilimfukuza ili uje. Nilidhani ungekuja siku ya pili. Leo siku ya tisa, dada. Wewe una moyo wa namna gani?"

"Na wewe una moyo wa namna gani? Mtoto anaumia wewe unategea watu kama ndege!"

"Aliumia? Alikulilia?"

"Hakulia."

"Hata hapa hakulia," akasema. "Nilimgombeza mbele ya wateja, nikamwambia maneno makali nikijua si yeye. Nilitaka aseme ni bibi. Alinitazama tu. Ilibidi nijifanye natafuta uzi."

Yule wa vikombe akapita, akaenda zake. Halafu nikaona nimekaa, na sikumbuki nilikaa saa ngapi.

Akaleta kitambaa. Pale penye meno palikuwa pamechanika vibaya, na akasema mashine ikipita tena pataisha kabisa. "Hapa ni mkono tu."

"Mkono gani?"

"Mkono mwingine unaujua wewe hapa Kibaha?"

Mtoto akaitwa. Nilishona jioni tatu chumbani kwa yule mama, mtoto katikati yetu ananitungia uzi. Meno hayakurudi. Kitambaa kilikuwa hakina pa kuyashikia, ilibidi niukutanishe mdomo, wa juu na wa chini, nikaufunga kwa mshono mmoja. Simba akawa amesimama vile vile, kifua kile kile, manyoya yale yale ya jua, ila amefunga mdomo.

Yule mama akamwinamia. "Simba gani huyu? Kama amekatazwa kusema."

"Anafikiri," nikasema.

"Umemfanya kondoo."

"Wewe ulisema wangu ni mbuzi. Leo unaona kondoo kwenye simba. Nenda kapime macho."

Mtoto akasema, "Anafanana na bibi akikasirika."

"Bibi gani?" tuliuliza kwa pamoja.

"Wa nyumbani."

Nawaambia nilifurahi. Nilimtazama yule mama nione kama na yeye kijicho kimemchoma. Kilimchoma kidogo. Alijifanya anapaka mashine mafuta.

Pasaka ikafika, kitambaa kikatandikwa. Mchungaji kijana alihubiri vizuri kwa mara ya kwanza tangu aje. Alisema kule mwisho wa Maandiko kuna mtu analia, anaambiwa asilie, Simba ameshinda. Yule mtu akageuza kichwa amwone huyo Simba, akamkuta Mwanakondoo amesimama na jeraha la kuchinjwa. Mchungaji akasema watu wanadhani ni wawili, mmoja wa siku za upole na mmoja wa siku za nguvu, mwamini achague. Akasema hapana. Ni huyo huyo mmoja, na nguvu zake ziko kwenye lile jeraha. Watu wakatazama altare. Mimi nilitazama mdomo, kama mshono umekaa. Ulikuwa umekaa. Halafu nikamtazama mjukuu wangu kwenye benchi la watoto, na nikaacha kutazama mshono, nadhani kwa mara ya kwanza.

Mbuzi wangu mchungaji hakumtupa. Alisema kazi kama ile haitupwi, akaamuru atandikwe kwenye mimbari. Mimbari yetu iko kushoto. Babu yenu ilibidi atoke nje, nilisikia anakohoa kicheko chini ya dirisha.

Baada ya ibada watu walimpongeza yule mama, wakampa mkono, wakamwita fundi. Kila mtu akasema simba kapendeza, ule mdomo jamani umeufikiriaje. Naye akasema, "Mwulizeni dada yangu huyu." Wakaniuliza. Nikasema panya walikula meno, tukaziba. Mtoto akanitazama. Nikasema tena, kwa sauti, "Niliyakata mimi kwa wembe. Kwa wivu." Kuna aliyecheka akidhani natania, na kuna asiyecheka. Yule wa kwaya, mwenye mdomo usio na mlango, siku hiyo aliupata mlango.

Msiandike popote kwamba nilipona. Sijapona. Juzi mtoto amerudi Maili Moja ananukia chapati, kooni kikaja. Yule mama sasa ananiita dada, na shikamoo bado hanipi, na mimi bado nahesabu. Tunatembeleana. Nikienda kwake nakagua mshono, akija kwangu anakagua mshono. Ndivyo tulivyo.

Lakini Jumamosi ya wiki baada ya Pasaka, mkwe wangu alifungua mfuko wa unga jikoni akakuta umetobolewa chini, unga umemwagika. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Mwanangu ametoka zamu anakunywa chai, babu yenu na redio yake, mtoto anafunga mfuko wake wa nyuzi aende. Mkwe wangu akafungua mdomo aseme neno, akaniona, akaufunga. Mwanangu akatazama kikombe. Hakuna aliyethubutu kumtaja huyo mnyama. Mtoto mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Nikasimama, nikawaambia wote:

"Katika nyumba hii kuanzia leo, mtu asimsingizie panya kabla hajaniuliza mimi kwanza. Ukiniuliza nitajibu. Unga si mimi. Zoeni huo unga, na mpisheni mtoto mlangoni, anachelewa kwa bibi yake."